Bi Kata Simu Anaondoka Dawati Namba Nne

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu wa dawati namba nne atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi mitano ya kazi katika tawi hili. Barua ya makao makuu inamwita Ofisa Mwandamizi wa Huduma kwa Wateja. Hapa tawini cheo hicho hakijawahi kutamkwa. Sisi tunamwita Bi Kata Simu, na tukiwa na haraka, Bi Kata. Wateja nao wanamwita hivyo hivyo, na wapo wanaoamini kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwenye jarida letu la wafanyakazi kwa kuwa nimekaa jirani naye, dirisha la keshia namba tatu, kwa miaka kumi na minne. Kamati ilisema niandike kwa furaha na nisimseme mtu vibaya. Furaha ipo. Hilo la pili nitajitahidi, lakini wasifu wa Bi Kata usiomsema tapeli vibaya utakuwa wasifu wa mtu mwingine.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na saba, akapelekwa chumba cha simu, ghorofa ya pili. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza moja, feni iliyozunguka pale ilipojisikia, na mtambo wa kuunganishia simu uliojaa vitundu na nyaya. Kwa miaka saba kazi yake ilikuwa kuunganisha watu. Mteja anataka idara ya mikopo, anamuunganisha. Meneja anataka makao makuu, anamuunganisha. Mke wa meneja anamtaka meneja, anamwambia asubiri kidogo, anampa meneja dakika mbili za kujiandaa, kisha anamuunganisha. Huko ndiko alikozijua sauti za watu. Anasema mtu alikuwa akipumua tu kabla ya kusema "halo", yeye ameshajua kama huyo ana hasira, ana msiba au ana uongo.

Mtambo ulipoondolewa na kuletwa mwingine unaojiendesha, meneja wa wakati huo alimshusha chini kwenye dawati la wateja, akatangaza mbele za watu kwamba hatafikisha miezi mitatu, maana kompyuta haijui. Ni kweli hakuijua. Alijifunza kwa vidole viwili, na hadi leo anachapa kwa vidole hivyo hivyo viwili, kwa kasi ambayo wenye vyeti vya kompyuta wanaitazama kwa wivu. Meneja yule alihamishwa kabla ya miezi mitatu hiyo kwisha.

Walipoleta viti vipya vya kuzunguka, alikalia chake siku moja, akampa mlinzi wa mlangoni, akarudia kile cha zamani chenye mkono uliofungwa kwa utepe wa gundi. Ndiyo maana katika jengo hili mlinzi anakaa vizuri kuliko meneja.

Kisha zikaja meseji za matapeli.

Za mwanzo zilikuwa kichekesho. Wateja walizileta dawatini, na wakati wa chai Bi Kata alitusomea, amevaa miwani yake ya kamba, amesimama wima kama mtangazaji wa habari. Moja naikumbuka neno kwa neno: "Mteja mpedwa wa beki, akauti yako imefugwa." Alipomaliza aliishusha karatasi taratibu.

"Wezi gani hawa?" akauliza. "Wanataka akaunti ya mtu na hata herufi N hawana? Na hii akaunti iliyofugwa, imefugwa banda gani? Inataga?"

Tulicheka hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kulikoni. Siku nyingine alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mkurugenzi wa usalama wa benki yetu, anataka kuhakiki namba zake za siri. Nyuma ya mkurugenzi jogoo alikuwa akiwika. "Mkurugenzi," Bi Kata akamwambia, "mnyamazishe kwanza huyo katibu wako ndipo tuongee." Simu ikakatika.

Tulicheka sana miaka ile. Sasa naona tulipitiliza, kwa sababu kicheko kile kilitufanya tuamini kwamba wanaotapeliwa ni wajinga peke yao. Na matapeli, watu wasio na kazi wala haya, walikuwa wanajifunza. Herufi N ikapatikana. Lugha ikanyooka. Wakagundua namna ya kuandika jina la benki yetu sehemu ya mtumaji, na simu ya mteja, ambayo inapanga meseji kwa jina la mtumaji, ikawa inaiweka ya mwizi chini ya zile za kweli, kwenye mstari mmoja. Mtu akifungua anaona salio lake la wiki jana, anaona risiti ya juzi, na chini yake anaona uongo wa leo, vyote kwa jina letu. Huyo si mwizi aliyeruka ukuta. Amevaa sare yetu na kukaa kwenye kiti chetu.

Wa kwanza kuumia tuliyemjua kwa sura alikuwa fundi wa makochi, mwenye karakana nyuma ya jengo letu. Makochi ya ukumbi wa kusubiria ni kazi ya mikono yake. Kwa miaka mitatu alikuwa akiweka akiba ili amnunulie binti yake, anayefanya naye kazi, cherehani kubwa ya kushonea ngozi. Jumatano moja asubuhi akapata ujumbe: akaunti yako itafungwa leo saa kumi jioni, hakiki taarifa zako hapa, na linki. Alibonyeza, akajaza. Baada ya dakika tano simu ikalia. Mtu mwenye sauti ya upole akamwita mzee wangu, akampa pole kwa usumbufu, akamwambia zitaingia namba sita kwenye simu yake, azisome taratibu ili akaunti iokolewe. Fundi akavaa miwani, akazisoma. Yule mtu akasema, "Asante, mzee wangu, Mungu akubariki." Tapeli wa siku hizi anabariki kwanza, ndipo anakomba kila kitu.

Fundi alikuja tawini saa sita mchana. Alipanga foleni. Alisimama pale zaidi ya nusu saa na simu mkononi, kwa sababu ni mtu wa adabu na hakutaka kumpita mtu. Alipofika dawati namba nne hakukuwa na cha kuokoa.

Jioni ile, baada ya milango kufungwa, meneja tuliyekuwa naye wakati huo alisimulia kisa kile kwa wafanyakazi, akamalizia hivi: "Namba sita kazisoma mwenyewe, kwa mdomo wake. Benki ifanyeje, imzibe mdomo?"

Watu wakacheka. Nilicheka na mimi. Nataka iandikwe hivyo.

Bi Kata alivua miwani. "Meneja," akasema, "mtu akivuliwa nguo barabarani, wewe unamcheka aliyevuliwa?"

"Sijamcheka mtu, nasema hali halisi."

"Hali halisi ni kwamba mwizi ana jina letu, ana namba za wateja wetu, na ana maneno yetu, mpaka ile 'mteja mpendwa' ya kwetu. Mzee wa watu alikuwa na miwani tu. Mcheke mwizi kama una kicheko."

Aliandika makao makuu usiku haujaingia. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mistari minne: mteja alitoa taarifa za siri kwa hiari yake, benki haihusiki, shauri limefungwa, tunathamini uhusiano wako nasi. Huo mstari wa mwisho aliusoma kwa sauti ambayo sitajaribu kuielezea kwenye jarida la wafanyakazi.

Lakini kabla hata ya jibu hilo, Jumamosi ya wiki ile ile, aliniambia, "Twende kwa fundi. Wewe uliyecheka."

Tulikuta karakana imefungwa. Tulimkuta nyumbani kwake, chumba cha mbele, amelala kwenye kochi alilolishona mwenyewe, ameelekea ukutani. Mke wake alitupokea mlangoni akanong'ona, "Anasema ana homa. Tangu Jumatano hajatia kitu mdomoni. Na mwili hauna joto."

Bi Kata aliketi kwenye robota la sponji pembeni ya kochi. "Fundi, umewaambia?"

"Niwaambie nini?" akajibu bila kugeuka. "Kwamba nimezeeka mpaka nimemkabidhi mwizi funguo?"

"Waambie umeibiwa. Neno lenyewe ndilo hilo. Hujapoteza, hujachezea, hujagawa. Umeibiwa."

Kisha fundi akageuka, akakaa, akamwambia mke wake yote, tangu ujumbe hadi ile baraka ya mwisho. Mke alisikiliza bila kukatiza. Alipomaliza, mama wa watu akashusha pumzi ndefu.

"Mume wangu," akasema, "mimi nilidhani una mwanamke."

Binti yao alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, huku machozi yanamtoka. Kisha mke akaingia jikoni, na fundi akala. Nilitoka pale nikiwa sina pa kuweka uso wangu.

Ungedhani funzo limeniingia. Miezi saba baadaye, Jumanne, saa sita na nusu mchana, nilikuwa kantini nakula. Siku moja kabla, kitengo chetu cha masoko kilikuwa kimewatumia wateja wote ujumbe wa promosheni: bonyeza linki hii ujishindie zawadi. Ulikuwa wa kweli, ni wetu. Sasa chini yake ukaingia mwingine: malipo yamefanyika kutoka kwenye akaunti yako, kama si wewe bonyeza hapa kuyasitisha. Ndani ya akaunti ile kulikuwa na akiba ya upasuaji wa macho ya mama yangu. Nikabonyeza. Nikajaza. Zikaja namba sita, nikazijaza pia, mimi mwenyewe, keshia wa miaka mingi, niliyekuwa na cheti cha mafunzo ya usalama kimetundikwa ukutani nyuma ya dirisha langu.

Skrini ikaandika "asante". Hapo nikajua.

Na nikifikiria nilichofanya baada ya hapo, ndicho kinachonichoma zaidi. Nilinawa mikono, nikarudi dirishani, nikahudumia watu. Nilitabasamu. Nilisema karibu tena. Kila baada ya muda simu inatetemeka mfukoni, na mimi natabasamu. Kwa nani ningekwenda kusema? Kwa meneja yule mwenye mzaha wa kuziba mdomo?

Bi Kata alinigeukia kutoka dawatini kwake. "Una nini?"

"Sina kitu."

"Pumzi yako si ya mtu asiye na kitu."

Nilimwambia kwa kunong'ona, nimeinama kama natafuta kalamu. Hakuniuliza kwa nini. Hakuguna hata kuguna. Alinyanyua simu ya mezani, akapiga kitengo cha usalama, akataja namba ya akaunti yangu, akasema, "Funga sasa hivi. Maswali utaniuliza ikishafungwa." Akanisimamia nikabadilisha namba zote za siri kwenye kompyuta yake, si kwenye simu yangu. Akanifanya nipige picha ile meseji kabla ya kuifuta, nipigie kampuni ya simu, kisha akaniandikia kwenye karatasi maneno ya kwenda kusema polisi ili nisijichanganye. Miamala mitatu ilikuwa imeshatoka. Wa nne, uliokuwa mkubwa kuliko yote hiyo mitatu ikijumlishwa, ulinaswa mlangoni.

Alipomaliza ndipo akatazama saa aliyoiandika kwenye karatasi alipopiga simu ya kufungia akaunti. Saa saba na dakika kumi.

"Ulibonyeza saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Dakika arobaini," akasema. "Linki sikulaumu. Wamekutisha, umeshtuka, na mtu akishtuka mkono unatangulia. Lakini hizi dakika arobaini ni zako. Hizi umewapa wewe."

"Niliona aibu, dada."

"Najua. Hao washenzi nao wanajua. Wanaiba, halafu wanatuachia aibu itusimamie tusipige kelele. Nenda kanywe maji."

Mama yangu alifanyiwa jicho moja mwaka ule, na la pili mwaka uliofuata. Na Bi Kata hakumwambia mtu hata mmoja. Tuliendelea kukaa meza kwa meza, na wenzangu waliendelea kucheka visa vya wateja mbele yangu, na yeye alikuwa akinitazama tu, kisha anatazama pembeni.

Alichokifanya ni kuwageukia watu wa masoko. Aliandika barua nyingine, ya swali moja: kama tunawaambia wateja wasibonyeze linki, kwa nini tunawatumia linki? Hakujibiwa. Akaandika tena. Akaandika kila mwezi, tarehe ile ile, swali lile lile, mpaka wakachoka wao. Wakatuma watu wawili, mkuu wa kitengo na msaidizi wake, na kompyuta mpakato na chati za rangi. Tukakaa chumba cha mikutano juu. Mkuu akaeleza kwamba linki zinaongeza mwitikio wa wateja, akaonyesha mstari unaopanda kama mlima.

Bi Kata akachomoa karatasi mbili kwenye bahasha, akaziweka mbele yake. Kila moja ilikuwa na meseji iliyochapwa kwa maandishi makubwa.

"Moja ya kwenu, moja ya mwizi," akasema. "Nionyeshe ya mwizi."

Mkuu akatabasamu. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Akarudia ya kwanza. Tabasamu likapungua. Mwishowe akaweka kidole kwenye ya kushoto.

"Hiyo umeandika wewe," Bi Kata akamwambia. "Tarehe tano mwezi uliopita. Sahihi ya kuidhinisha ni yako."

Kuna kicheko ambacho watu wazima hukimeza kwa kukohoa. Chumba kizima kilikohoa. Mkuu akarekebisha tai yake, akasema kwamba hata hivyo tatizo ni elimu ya mteja wa kawaida, kwamba mfanyakazi yeyote wa benki angetambua.

Nilijikuta nimesimama. Bi Kata akanitikisia kichwa kidogo sana, kuniambia sina deni la kusema chochote. Nikasema. Nilisema siku, saa, promosheni yao iliyotangulia, macho ya mama yangu, na dakika arobaini. Nilipokaa hakuna aliyekohoa. Meneja wetu alikuwa anavitazama viatu vyake kama ameviazima.

Baada ya miezi mitano waraka ulitoka: benki hii haitatuma tena linki ndani ya meseji, kwa sababu yoyote, kwa mteja yeyote. Ukaja na utaratibu ambao leo matawi yote yanaufuata: anayesema nimetapeliwa hapangi foleni, na akaunti inafungwa kwanza, maswali baadaye. Waraka una sahihi ya mkurugenzi na nembo ya kitengo cha masoko, ambacho mwaka huo kilijipatia tuzo ya ubunifu. Jina la Bi Kata halimo. Mimi nalijua lilikotoka kila neno, kwa hiyo jina lake naliandika hapa. Shauri la fundi nalo lilifunguliwa upya, akarudishiwa sehemu kubwa, na cherehani ya ngozi inasikika karakanani kila asubuhi. Tulimpongeza Bi Kata. "Sehemu kubwa si yote," akasema, na hadi mwezi uliopita alikuwa bado anawaandikia.

Na hilo jina lake? Lilizaliwa siku moja ya mwisho wa mwezi, ukumbi umejaa. Mkunga mstaafu, mama aliyezalisha nusu ya watu waliokuwa kwenye foleni ile, alifika dirishani kwangu na simu sikioni. Hakunisalimia. Alinisukumia karatasi: hamisha zote kwenda akaunti hii. Nilimkonyeza Bi Kata, naye akaja akasimama pembeni ya mama yule.

"Shikamoo, mama. Unaongea na nani?"

Mkunga akaziba simu kwa kiganja. "Nimeambiwa nisiseme."

"Umeambiwa wezi ni sisi wa hapa tawini, siyo? Kwamba pesa zihamishwe kabla hatujazila?"

Macho yakamtoka mkunga. Akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Basi mimi usiniamini. Na yeye usimwamini. Kata simu, geuza kadi yako, piga namba iliyoandikwa nyuma, uwaulize wenyewe."

Sauti ya simuni ilikuwa kali kiasi cha kufika kwangu ng'ambo ya kioo: "Usikate! Ukikata pesa zote zinapotea!"

"Anakasirika," mkunga akasema.

"Mtu wa benki hakasiriki akikatiwa simu. Nyie si mnatukatia kila siku tukiwapigia habari za mikopo? Tukakasirika lini? Kata simu, mama."

Mtu mmoja kwenye foleni akadakia, "Kata simu, mama!" Wa pili akaitikia. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima unaimba, mpaka mlinzi kanyanyuka kwenye kiti chake kizuri: kata simu, kata simu. Yule mwizi akaona mambo yameharibika, akamtupia mama wa watu tusi ambalo mkunga alituapia kwamba kwa miaka yake yote ya kazi, kwa maumivu yote aliyoyashuhudia, hajawahi kulisikia. Mkunga akakata simu. Akapiga namba ya nyuma ya kadi. Akaambiwa hakuna mtu wa benki aliyempigia siku ile wala wiki ile. Alikaa kwenye kochi, akaomba maji, na alipomaliza glasi akasema, "Na mimi nilikuwa namwita mwanangu."

Hao ndio matapeli tunaowazungumzia. Wapo watakaosema ni werevu, ni vijana wa teknolojia. Bi Kata hana muda na sifa hizo. Anasema werevu wao wote ni vitu viwili, kumtisha mtu na kumharakisha, na kwamba hata mbwa koko anavijua vyote viwili. Ukimnyima haraka yako, anabaki na nini? Ana sauti ya kukariri na simu ya wizi. Kwa miaka hii yote nimemwona akiwadharau wao na kumheshimu kila aliyewahi kudanganywa nao, na sisi wengine tulikuwa tukifanya kinyume chake.

Ameniambia mipango yake. Anahamia kwa mdogo wake wa kike, waume zao wote wawili wametangulia mbele ya haki, wakae pamoja wagombane kuhusu pilipili na kuhusu nani alipendwa na baba. Anataka kulala mchana. Anataka kupanda mchicha. Nafasi yake niliiomba mimi, na Jumatatu ijayo naanza. Naogopa kidogo, na nimemwambia hivyo mapema, bila kusubiri dakika arobaini.

Dada yetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa tawi, pamoja na wale waliowahi kucheka, tunakushukuru. Umetulinda na wezi, na umetulinda na ubaya wetu wenyewe, jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba wako wa kazi. Upumzike vizuri. Mchicha wako uote, usingizi wako wa mchana uwe mnono, mdogo wako akushinde mara moja moja ili pawe na amani. Tunakuombea afya, na miaka mingi ya kuishi bila kuharakishwa na mtu yeyote.